Jozi Hamsini na Sita

4 Februari

Mwanangu Kobe,

Salamu nyingi. Mwili wangu mzima, mengine utayasoma. Simu siitaki kwa jambo hili. Ukinipigia nitalia na maneno hayatatoka. Kwenye karatasi nalia na maneno yanatoka.

Watu wa kampuni ya mawe wamekuja. Wameupima mlima wetu wote kwa kamba na vigingi, kisha wakapaka namba nyekundu kila penye mwamba. Jiwe la mdogo wako wamelipaka 41. Nikamuuliza msimamizi wao, kijana mpole tu, hana ubaya, 41 ndiyo nini. Akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, makaburi yote yatahamishwa kwa heshima."

Watahamisha nini? Kitinda alikuwa na miaka sita, na amelala pale tangu wewe hujaota ndevu. Mifupa yake ilikuwa kama ya kuku. Imeshakuwa udongo, Kobe. Nilimpeleka juu ya mlima kwa sababu alikuwa anaupenda, na sasa yeye ndiye mlima wenyewe. Watampakia kwenye lori, watamponda kokoto, watamtandaza barabarani watu wapite juu yake.

Msimamizi anasema kuna wataalamu watakaoandika ripoti ya mimea na wadudu, na kikionekana kiumbe ambacho hakipo kwingine, upande huo hautaguswa. Nikamuuliza wadudu wataangaliwa wapi. Akaitaja ofisi yenu! Nilitaka kumkumbatia.

Jana nilikuwa napalilia kaburi, jembe likamkata jongoo mwembamba wa njano. Nusu iliponyoka ardhini, nusu nimeitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi na spiriti ya kusafishia vidonda. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniwekea hawa juu ya vitambaa vya wateja, nakufukuza na rula. Leo nakuletea mimi. Mtazame vizuri, baba.

Mama yako


13 Februari

Mama, shikamoo.

Kwanza, huyo si jongoo, ni tandu. Jongoo ni mpole, hujikunja ukimgusa. Tandu huuma. Najua utaendelea kumwita jongoo ili kunichokoza.

Pili, nimemweka chini ya hadubini. Huyu ni tandu wa udongoni, wale wasio na macho kabisa. Tunawapanga kama watu wanavyopanga ukoo. Spishi ni kama nyumba moja, jenasi ni ukoo wenye nyumba zake. Kama mlimani kuna nyumba mpya tu ya ukoo unaojulikana, kampuni itasema ndugu zake wamejaa kwingine, na watachimba. Kama kuna ukoo mzima ambao haupo popote duniani, kamati ya vibali haitathubutu kuwaruhusu.

Meno ya mdomo wake wa juu sijawahi kuyaona kwa tandu yeyote wa huko. Lakini ukoo haupangwi kwa kichwa peke yake. Nahitaji mkia. Tandu wa huko wenye kichwa kinachokaribiana na hiki, miguu yao ya mwisho haina kucha, imeishia butu. Huyu wako akiwa na kichwa hiki, na miguu ya mwisho yenye kucha, basi ni jenasi yake peke yake na mimi nitaitetea mbele ya yeyote. Nitafutie mzima, kuanzia kichwa mpaka mkia. Ripoti inakwenda kwenye kamati mwisho wa Aprili, na mwenye kutia saini upande wa wadudu ni mimi.

Jambo moja. Ukimkuta jike amejizungushia mayai yake, mwache. Mama wa tandu akishtuliwa huyala mayai yake mwenyewe.

Usitumaini sana, Mama. Mimi nimeshatumaini kupita kiasi.

Mwanao,
Kobe


2 Machi

Kobe wangu,

Nimempata jongoo wako. Nimechimba mpaka kucha zangu zimekwisha, sasa mwenye kucha ni yeye. Zipo, mwishoni kabisa, ndogo kama ncha ya sindano namba kumi. Kichwa ni kilekile.

Ameumia kidogo katikati kwa sababu ya jembe, kwa hiyo usimvutevute. Usimtoe kwenye spiriti bila sababu. Mtazame kichwa, mtazame mkia, inatosha.

Sare za watoto wa watu zimelala mezani, sijazigusa. Macho yananiuma kwa kazi ya karibu. Lakini nikifumba namwona Kitinda anashuka mbio na suruali imechanika magotini, na mimi nagomba. Ningejua, ningemwachia achane zote.

Andika haraka.

Mama yako


9 Machi

Mama!

Kichwa kilekile, na kucha zipo. Nimeziona mimi mwenyewe. Sikungoja kumaliza vipimo, nikaenda moja kwa moja kwenye kikao cha idara nikawaambia: jenasi mpya, haina shaka. Mkuu wetu, ambaye huwa hasifii hata mvua ya ukame, alinishika mkono. Wanaanza kuandika barua ya kusimamisha machimbo upande wa kaburi.

Leo naanza vipimo kamili: urefu, matundu ya tumboni, hesabu ya miguu. Ni taratibu tu.

Mama, tumempata. Kitinda hatoki pale.

Kobe


16 Machi

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaipeleka mlimani nikamsomea na Kitinda mwenyewe. Kisha nikachukua mafuta ya taa na brashi ya kufulia nikaisugua ile 41 mpaka jiwe likabaki jeupe. Msimamizi ananitazama tu. Nikamwambia, "Ndugu yake ametia saini." Najua bado, lakini nilitaka kuisikia ikitamkwa.

Leo nimekula nikashiba. Nimekaa kwenye cherehani nikashona sare tatu bila kunyanyuka.

Watu walikuwa wananiambia, huyo mwanao anasomea wadudu, atakuja kula nini? Nikawa nawajibu, polepole ya kobe itamfikisha mbali. Umefika, baba.

Mama yako


17 Machi

Mama,

Nimehesabu miguu. Jozi hamsini na sita. Nikahesabu tena kutoka mkiani, hamsini na sita.

Sikukueleza hili kwa sababu sikuwaza kama kuna haja. Tandu wa udongoni anaweza kuwa na jozi nyingi au chache kulingana na ukoo wake, lakini lazima ziwe witiri. Hamsini na tano, hamsini na saba. Shufwa haipo. Hakuna ajuaye kwa nini, ila ndivyo walivyo wote tuliowahi kuwahesabu. Kwa hiyo nilijua kabla sijajua. Nikamgeuza, nikapekua pale katikati ulipoandika jembe limemgusa. Ni nusu mbili, Mama. Kichwa cha mmoja na mkia wa mwingine, wale wenye kucha wanaokaa chini ya mitungi kila nyumba, ambao jenasi yao inajulikana na kila mtoto wa darasa letu. Mshono ni mzuri kuliko wa daktari yeyote. Umeshonwa kwa unywele mmoja mweupe.

Nilikaa nikiutazama ule unywele. Niliujua ni wa nani.

Mkuu alikuwa nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Aliinama, akatazama, akaondoka. Baadaye aliniambia kwamba sampuli yoyote itakayotoka kwa mama yangu, yeye hataki kuisikia. Barua ya kusimamisha machimbo wameichana.

Kwa nini, Mama? Mimi ndiye wa kufanyiwa hivi?

Kobe


26 Machi

Kobe,

Unaniuliza kwa nini. Isome barua yako mwenyewe. Uliandika, kichwa hiki, na mkia wenye kucha, basi utaitetea. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniambia nataka kola hii na mikono ile, namshonea. Niliyempata jembe lilimkata tena, mkia ukaponyoka ardhini. Ulinipa oda, nikaishona. Habari ya witiri hukuniambia. Ungeniambia ningepunguza pingili moja, yakaisha.

Usidhani nacheka. Nilijaribu uzi wa hariri, ulikuwa mnene kama kamba kwake. Nikang'oa unywele wangu. Sikuona vibaya, nilikuwa naona nimemwekea mwanangu kitu changu cha kumlinda.

Nimefedheheka, sikatai. Lakini wakati wa fedheha sina. Namba wameipaka upya, kubwa zaidi. Tia saini, Kobe. Nani atakwenda kuhesabu miguu ya mdudu? Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, andika kwamba ni jenasi, wamwache mtoto alale. Nilizaa shufwa, nimebaki na witiri. Usiniache nikapoteza na udongo wake.

Mama yako


8 Aprili

Mwanangu,

Hukunijibu, na sikulaumu. Soma hii mpaka mwisho.

Leo nimechimba kwa mikono, ubavuni mwa kaburi, upande wa kichwa. Chini ya jiwe bapa nimemkuta mmoja, mzima. Amejikunja duara, na katikati ana mayai, meupe, madogo kuliko punje ya uwele. Nikakumbuka ulivyosema nimwache. Nikakumbuka na mwisho wa Aprili.

Nikimshika kwa vidole atashtuka, atayala. Kwa hiyo nilimmwagia spiriti palepale alipolala, kabla hajajua chochote. Alitikisika kidogo, akajikaza kuyazunguka, akatulia. Nimemuua mama mwenzangu na watoto wake, Kobe, ili mtoto wangu asitolewe.

Huyu sikumgusa. Nilimnyanyua na udongo wake nikamteremsha kwenye kichupa. Sijamkunjua, sijui hata kama ana kucha, macho yangu hayaoni ndani ya duara. Siombi unihurumie. Naomba umtazame tu. Akiwa si chochote, andika si chochote, nami nitanyamaza.

Mama yako


25 Aprili

Mama, shikamoo.

Kichupa nimekipokea. Hakikusaidia kitu.

Ripoti imekwenda jana. Nimeandika kwamba tandu wa mlimani ni wa jenasi ya kawaida, na kwamba hakuna sababu ya kuzuia kazi upande ule. Nimetia saini. Sikuwa na njia nyingine, kazi hii ni neno la mtu tu, likishavunjika halina gundi.

Nitaomba ruhusa nije siku ya kuhamisha.

Kobe


30 Juni

Mwanangu,

Hukuja. Najua hawakukupa ruhusa, au hukuomba. Yote sawa.

Walianza na baruti upande wa kisima. Kila ikilia, cherehani inasogea mezani, sindano inaruka mshono. Kisha wakafika kwetu. Msimamizi alivaa glovu, akavua kofia, akachimba mwenyewe kwa sepeto ndogo. Heshima alinipa, siwezi kusema uongo. Alipofika kimo cha kiuno alinitazama, nikamwambia endelea. Akaendelea. Hakukuwa na kitu, Kobe. Nilisema mimi. Udongo mweusi kidogo kuliko mwingine, basi. Wakaujaza kwenye sanduku la mbao, wakapiga misumari. Niliomba kulibeba mwenyewe.

Kabla hawajafunga niliona kifungo cha bluu, nikakiokota. Lile shati la mwisho nililomshonea lilikuwa na vifungo vinne. Kimoja ninacho kwenye kopo la vifungo, ila sijakichanganya na vingine, nimekifunga kwenye kitambaa. Vitatu vimekwenda na mawe.

Sasa malori yanapita mlangoni kwangu. Nakaa nashona upande huu, mlima unapita upande ule.

Nina ombi. Yule jike niliyekutumia, kwa vile ulimtazama ukaona hana maana, nirudishie. Alikuwa analea mayai ubavuni mwa mwanangu miaka ambayo mimi nilikuwa kitandani nimelala. Kama hana ukoo, basi ni wa kwetu. Nitamweka ndani ya sanduku.

Mama yako


9 Julai

Mama,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye ubaya wenyewe. Kichupa chako sikukifungua.

Nilikuandikia "hakikusaidia kitu" ukadhani nimetazama. Nilikiona kilivyofungwa na kitambaa cha sare, nikakitia kwenye mtoto wa meza, nikageuza ufunguo. Niliogopa kuona unywele mwingine. Niliogopa kwamba nikiuona sitakupenda tena, na nikajidanganya kwamba ninafanya hivyo kwa ajili ya kazi. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nilipomtupa yule wa kushonwa nilimtupa na huyu, nikakutupa na wewe.

Ulipoomba urudishiwe nilikitoa nione kama spiriti haijakauka. Nikamwona kupitia kioo. Amejikunja, na mayai yake ndani, yote yapo, hakuna hata moja alilokula. Mama, mayai hayashonwi. Hakuna fundi wa kushona vile.

Nikamfungua. Kichwa kilekile. Miguu ya mwisho ina kucha. Jozi hamsini na saba. Nimehesabu na kuhesabu huku nalia, nikitamani nikosee, zitokee shufwa, nipate kulala. Ni jenasi mpya. Ni ukoo mzima ambao haujawahi kuandikwa popote, na Mkuu mwenyewe ametazama akaketi chini. Nilikimbilia simu nikapiga kampuni, nikampata msimamizi wako. Akasema, "Kaka, upande ule umekwisha mwezi uliopita. Sasa hivi pale ni shimo."

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kwanza kuuandika ukoo huu na mtu wa mwisho kuuona, na ndiye niliyetia saini uchimbwe. Hakuna kwingine walipo. Tumetafuta kwenye kumbukumbu zote za idara.

Nimeuita kwa jina la Kitinda, lile lake halisi, la kuandikishwa shuleni. Sheria inaruhusu. Litakaa vitabuni daima, Mama, hakuna atakayeweza kulifuta wala kulihamisha. Sikuwa na kingine cha kukupa.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie tu kwamba umeipata barua.

Kobe


20 Julai

Kobe,

Barua nimeipata.

Nilikasirika siku ile nzima, nikavunja sahani, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Mimi nilikudanganya kwa kushona, wewe ulinidanganya kwa kunyamaza, na kati yetu mtoto akaondoka. Sasa nimechoka kukasirika. Nina mwana mmoja tu.

Unasema jina lake litakaa vitabuni. Ahsante, baba. Lakini jina lake hatukuwahi kulipoteza, nalitaja kila asubuhi. Tulichokuwa tunagombania ni pahali pake.

Kichupa usikitie posta. Kilete mwenyewe, na uje bila haraka, kobe ni kobe. Sanduku liko chini ya meza ya cherehani, miguu yangu inaligusa nikikanyaga pedali. Sijalizika. Wamenionyesha kiwanja tambarare, kizuri tu, nikasema nitakuja na mwanangu atuchagulie. Mimi siwezi kuchagua. Kila nikifungua mlango bado nautafuta mlima.

Mama yako